Mji Alikobaki Mwanangu

Watu wa Ibra, mji wetu huku Oman, wakinipata arusini au msibani hawakosi kuniuliza: "Enhe, Japani kukoje?" Wanataka niwahadithie majumba yanayogusa mawingu na roboti zinazomimina chai. Mimi nawajibu maneno mawili matatu, na wengine huniona nina maringo. Wallahi sina maringo. Hiyo Tokyo yao niliiona kwa dirisha la treni, wakati wa kwenda na wakati wa kurudi, na ile ya kurudi sikuona kitu kwa sababu macho yangu yalijaa machozi. Mji ninaoujua mimi ni mwengine. Ni mji mdogo usiokuwa na sifa yoyote, hata Wajapani wenyewe ukiwatajia wanafikiri kidogo kisha wanasema, "Aa, kule." Watu wake wanaamka, wanapanda treni, wanakwenda kuufanyia kazi mji mkubwa, kisha wanarudi kulala. Hakuna mtalii anayeshuka pale.

Mimi nilishuka. Nilikwenda kumchukua binti yangu. Nalisema mapema ili mtu asidhani nilikwenda kutembea.

Binti yangu alikuwa kitinda mimba wangu. Serikali ilimpeleka Japani kusoma uhandisi wa maji, na alipokuwa akiniaga uwanja wa ndege aliniambia, "Mama, miaka michache tu, narudi." Nami kwa ujinga wangu nikamwamini. Akamaliza masomo, akapata kazi. Akapata kazi, akapata mume, Mjapani. Habari zilipofika nilizira, nikasema simtaki mkwe nisiyeweza hata kugombana naye nikaeleweka. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyenituliza. Alisema kijana kasilimu, anasali, hanywi, wewe unataka nini tena? Nilimtaka mwanangu, basi. Nilitaka awe karibu, siku ya soko la wanawake anishikie kapu, tugombane juu ya bei ya vitambaa.

Halafu akaumwa. Ulikuwa ule ugonjwa ambao kwetu watu hawautaji jina, wanasema tu "ule ugonjwa" na kuteremsha sauti. Alinificha mpaka ikawa hana tena pa kunificha. Nilipoona uso wake kwenye simu, mashavu yameisha, nilimwambia, "Nakuja kukuchukua." Hakunijibu. Nami nikajifanya kunyamaza kule ni kukubali.

Nilimtengenezea chumba kile cha juu, chenye dirisha linalotazama mitende. Nilitandika kitanda kwa mkono wangu, shuka mpya, mto mwembamba kama anavyopenda. Nikasema nikifika namfungasha tunarudi, nitamuuguza mwenyewe, na kama Mungu atamtaka, basi amtake akiwa kwao, azikwe na baba yake na bibi yake. Sikuwa na ombi jengine duniani.

Sasa nikuhadithie huo mji. Moyo wake ni stesheni. Ukitoka stesheni unakuta duka la mikate, duka la dawa, duka la maua, na baiskeli zimepangwa kama wanafunzi kwenye foleni ya asubuhi. Kisha inaanza njia nyembamba iliyoezekwa, maduka huku na huku, na nusu ya maduka hayo yameteremsha milango ya chuma kwa sababu wenyewe wamezeeka na watoto wao wako mji mkubwa. Mbele ya hapo ni nyumba na nyumba, zimebanana kiasi ambacho ungetarajia kumsikia jirani akikohoa. Humsikii. Nadhani hata kukohoa wanakohoa kwa adabu. Upande mmoja kuna mto wenye kingo za nyasi, upande wa pili reli, na kwenye reli kengele inayolia kan-kan-kan mti wa kuzuia magari unapoteremka. Hakuna baraza hata moja. Nilitembea mji mzima nikitafuta mahala mtu anakaa nje ya nyumba yake kutazama wapitao, sikuona. Nikasema, jamani, watu hawa wanapeana habari wapi?

Alfajiri nikishasali nilikuwa nasimama dirishani kwa binti yangu, ghorofani. Watu walikuwa wakitoka nyumba baada ya nyumba, makoti meusi, viatu vyeusi, mikoba myeusi, wote wanaelekea upande mmoja na hakuna anayesema na mwenzake. Siku ya kwanza nilidhani wanakwenda mazikoni. Mkwe wangu naye alikuwamo, akiondoka bado giza na kurudi giza limeshaingia.

"Mama, utasimama hapo mpaka lini?" binti yangu aliniuliza kutoka kitandani.

"Namtafuta mtu mmoja tu atakayemwambia mwenzake subalkheri."

"Wana haraka, mama."

"Haraka! Kwani salamu inachukua muda gani?"

Akacheka. Kicheko chake kilikuwa kile kile, mwili tu ndio uliokuwa wa mtu mwengine.

Lakini nikiwa pale dirishani nikaanza kuuelewa ule mji kuliko walivyodhani. Ibra yangu ilikuwa vivyo hivyo. Marehemu mume wangu alifanya kazi Maskati ujana wake wote. Mwanzo wa wiki, alfajiri, barabara ilikuwa taa tupu za magari ya wanaume wanaokwenda Maskati, na mwisho wa wiki wanarudi na samaki na hamaki. Katikati tulibaki wanawake, watoto na wazee, mji ni wetu. Na ule wa kule, treni za asubuhi zikishaondoka, ulibaki wa vikongwe, wa kina mama wenye watoto mgongoni, na wa kunguru. Kunguru wa kule, toba! Mkubwa kama kuku, na siku ya taka anakutazama kama anakudai.

Mjukuu wangu, mtoto wa pekee wa binti yangu, alikuwa ndiyo kwanza ameanza skuli. Alikuwa akienda peke yake na kofia yake ya manjano, mkoba mgongoni umemzidi yeye. Nilipiga kelele siku ya mwanzo, mtoto huyu atapotea, atagongwa! Binti yangu akasema kila mtoto anakwenda peke yake, mji mzima unamtazama. Nikasema mji huu hautazami mtu. Lakini jioni nilisikia vile vipaza sauti. Viko juu ya nguzo kila mtaa, na jua likianza kutua vinapiga muziki wa taratibu, wa huzuni kidogo, mji wote mara moja. Siku ya kwanza nilinyanyuka kwenda kutia udhu, nikidhani ni adhana. Binti yangu akasema, "Hapana mama, wanawaambia watoto warudi nyumbani." Na kweli, muziki haujesha, mlango ukafunguka, mtoto huyo kaingia, kavua viatu, kavigeuza vikatazama mlango, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Bibi, mimi narudi."

Mama yake ndiye aliyemfundisha. Kiswahili cha mtoto kilikuwa na mashimo mengi, "kiti mdogo, nyumba mzuri," lakini alikuwa akikisema bila ya haya. Mkwe wangu yeye alikuwa na neno moja tu, shikamoo. Alilisema asubuhi akiondoka na jioni akirudi, ananiinamia mpaka kiunoni, na siku nyengine akamwamkia mwanawe pia. Tulicheka sana.

Mlango wa pili palikaa bibi mmoja, umri wangu, mjane kama mimi. Kila siku alifagia mbele ya mlango wake, kisha akafagia na mbele ya wetu. Nilimsalimia kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa Kizungu, yeye akainama. Nikainama. Akainama tena. Tukainamiana mpaka kiuno kikanilalamikia. Nikaona isiwe tabu, nikakaanga mandazi ya iliki, nikampelekea sahani. Siku ya pili sahani ikarudi imejaa matunda ya rangi ya chungwa, sura yake kama tungule, matamu mpaka yanakwama kooni. Haikurudi tupu! Nikamwambia binti yangu, huyu kafunzwa kwao, huyu ni mtu. Tokea hapo ile sahani haikupumzika.

Basi sasa nifike kwenye udi. Mimi sijapata kulala kwenye nyumba isiyofukizwa tangu nizaliwe. Mama yangu alifukiza Unguja, akafukiza Oman, nami nikafukiza baada yake, kila jioni, nyumba na nguo na nywele. Nilipokwenda kule nilibeba chetezo cha udongo nilichokinunua soko la Nizwa, nimekizungushia kanga tatu kisivunjike, na udi wangu mzuri nikaufunga peke yake. Siku ya kwanza pale nilisikia harufu ya dawa imeingia mpaka kwenye mapazia, nikasema haiwezekani, mwanangu halali na harufu hii. Jioni muziki ulipopigwa nikatia makaa, nikatia udi. Mkwe wangu akarudi, akatazama kidude fulani kwenye dari, kile kinacholia kikisikia moshi, akakimbilia kufungua dirisha na mlango. Moshi ukatoka ukatembea ukumbi mzima wa jengo. Binti yangu akafumba macho, akavuta pumzi, akasema, "Mama, nimesikia nyumbani." Nikaona nimefanya la maana. Nikawa nafukiza kila siku.

Haukupita muda, jioni moja, mlango ukagongwa. Nikafungua. Alikuwa bibi wa jirani, kavaa nguo nyeusi tangu juu mpaka chini, kashika maua meupe yaliyofungwa vizuri kwa karatasi, na macho yake yana machozi. Akanishika mkono, akasema maneno mengi ya taratibu, akainama akabaki kainama. Basi mimi nilivyofurahi! Nikajiambia hatimaye mji huu umekumbuka kuja kumtazama mgonjwa. Na kajipamba, masikini, kavaa nguo yake ya heshima. Nikayapokea maua kwa mikono miwili, nikamwambia, "Karibu, karibu ndani, usione haya." Akarudi nyuma. Nikamvuta. Akakataa kwa kichwa, nikamvuta zaidi, sikuzoea mimi mgeni anayekuja kumtazama mgonjwa akaishia mlangoni. Nikamburura mpaka chumbani.

Binti yangu alikuwa kakaa kitandani, anakunywa chai, mjukuu wangu pembeni yake anafanya hesabu za skuli. Bibi wa watu alipomwona alitoa sauti ambayo sikujua kama mtu wa mji ule anaweza kuitoa. Akaanguka magotini, akafunika uso, akawa anagusisha paji lake sakafuni tena na tena. Mimi nimesimama na maua yangu kama bi arusi.

Binti yangu akamtazama bibi, akatazama nguo nyeusi, akatazama yale maua, kisha akatazama chetezo. Akaelewa. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka chai ikamwagika, mpaka akakohoa nikaogopa.

"Mama," akaniambia alipopata pumzi, "kwao moshi wa namna hii unawekwa mbele ya picha ya maiti. Kasikia udi siku zote hizi, kajua nimeshakufa. Kaja kukupa pole ya msiba wangu."

Damu ilinipanda kichwani. Nilitaka kuyatupa yale maua dirishani, na bibi mwenyewe nyuma yake. Mwanangu yu hai, unamletea maua ya maiti? Nikageuka kwenda nayo, binti yangu akaniita.

"Yaache, mama. Yalete hapa niyaone. Watu wengine hawajaaliwi kuyaona ya kwao."

Nikayatia kwenye jagi la maji karibu ya kitanda. Nililia jikoni, maji ya mfereji yakiwa wazi ili asinisikie.

Niliporudi alikuwa akizungumza na bibi kwa Kijapani, kamshika mkono, naye bibi anaitikia kwa kichwa, na mtoto anasikiliza mdomo wazi. Nikamuuliza kamwambia nini.

"Nimemwambia kwetu udi ni wa walio hai. Wenyewe wanafukiza kumwambia mgeni, karibu, tupo. Akisikia harufu ile ajue mimi nipo nyumbani."

"Mama yupo nyumbani," mtoto akarudia kwa Kiswahili, na akaandika kitu kwenye hewa kwa penseli yake.

Mimi nilijua kwamba sanda nayo hufukizwa.

Baada ya siku ile ilikuwa ni ada. Jioni muziki unapigwa, mtoto anarudi, mimi natia udi, na harufu ikishafika mlango wa pili bibi wa jirani anagonga ukuta kwa kidole, taratibu. Binti yangu anagonga kumjibu. Siku alizokuwa hana nguvu, alimwambia mwanawe amgongee.

Lakini mimi nilikuwa na langu. Nilifungua sanduku chini ya dirisha, nikaanza kupanga nguo zake. Daktari alishasema kama ni kusafiri iwe sasa, mbele ya hapo ndege haitamchukua. Nikawa napanga, yeye ananitazama. Nilipofika kwenye mtandio wa kijani niliompa siku ya arusi yake, akasema:

"Mama, siendi."

"Usinitanie."

"Siendi. Na nikifa usinipeleke. Nataka nizikwe huku."

Nilimaliza maneno yote niliyonayo. Nilimwambia huku watu wanachomwa, kaburi lenyewe ni la kutafuta, la karibu liko nyuma ya milima, nani atakusomea, nani atakuja? Nilimwambia chumba chako kipo, nimekitandika. Nilimwambia mimi ndiye mama yako na nina haki. Sauti yangu nadhani ilifika mpaka stesheni. Aliniacha nikamaliza.

"Babu kazikwa wapi?" akaniuliza.

Alijua kazikwa wapi. Baba yangu alizikwa Unguja, nami mdogo, kabla hatujaondoka. Tulipohamia Oman mama yangu hakuweza tena kurudi. Kila Ijumaa alikuwa akikaa ukumbini kwetu Ibra, anageukia upande ambao alidhani ndio bahari ilipo, anamsomea Fatiha, kisha anasema, "Laiti ningeligusa lile jiwe tu." Watoto wangu walikua wakimsikia. Alikufa hajaligusa. Nami nimekwenda mara moja tu, utu uzima, sikulipata, pamejengwa.

"Mwanangu atakua huku," binti yangu akasema. "Baba yake yuko huku, skuli yake iko huku. Wewe unataka aje kukaa ukumbini Ijumaa, ageukie upande asioujua, anisomee? Nataka awe anapanda treni anakuja, mama. Hata akikasirika na baba yake, apande treni aje."

Nilitoka. Sikuvaa hata koti. Nilitembea mji ule na hasira zangu, nikapita maduka yaliyofungwa, nikafika kwenye reli na mti umeteremka, kengele inapiga. Treni ikapita, ikapita ya pili, mti ukanyanyuka, watu wakavuka, mimi nimesimama pale pale nalia kwa sauti kama mtoto aliyepotezwa na mama yake sokoni. Hakuna aliyenitazama. Mwanzo niliwatukana moyoni. Kisha nikaona mtu mmoja baada ya mmoja wanavyopita mbali kidogo, wameteremsha macho, wananiachia nafasi ya kulia. Sijui ni huruma au ni woga. Nililia mpaka baridi ikanishinda.

Niliporudi nikatoa nguo kwenye sanduku, moja moja, nikazirudisha kabatini. Alikuwa ananitazama.

"Radhi, mama?"

"Radhi, mwanangu. Radhi na hasira zangu zote."

"Nazijua," akasema, na akanifanyia nafasi kitandani nilale karibu yake.

Alikufa asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono, naye mumewe kamshika wa pili, mtoto bado kalala chumba cha pili. Nilipomfumba macho nilinyanyua uso, na dirishani nikawaona wale watu wa makoti meusi wanakwenda stesheni, nyumba baada ya nyumba, kama jana. Nilitaka kufungua dirisha niwapigie kelele wasimame. Hata siku moja, wasimame! Hawakusimama. Wangejuaje?

Mkwe wangu aligeuka kunitazama. Alitafuta neno la kuniambia, akatafuta, na hakuwa nalo isipokuwa lile moja alilofundishwa na mkewe. Akainamisha kichwa, akasema:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," nikamjibu, na tukalia pamoja.

Jioni ile muziki ukapigwa kama kawaida. Chetezo kilikuwa mahala pake, mimi sikukigusa. Baada ya muda nikasikia mlango. Bibi wa jirani alikuwa kasimama na nguo zake za kufagilia, hakubadilisha. Alivuta pumzi kwa pua, taratibu, mara mbili. Hakukuwa na harufu ya kitu. Akakaa kitako pale pale penye viatu, nami nikakaa naye, tukashikana mikono mpaka kukawa kiza. Safari hii hakuleta maua. Alishayaleta.

Tulimkosha mimi na wanawake wa msikiti wa mji wa pili, Mwindonesia, Mpakistani na mwengine ambaye hata sikujua kwao wapi, Mungu awalipe. Sanda niliifukiza mwenyewe, na udi wangu ule ule. Tulimzika nyuma ya milima, kwenye makaburi madogo ya Waislamu, mvua inanyesha. Niligusa lile jiwe. Nililigusa sana, kwa niaba yangu na kwa niaba ya mama yangu. Kisha nikarudi Ibra na sanduku langu, na chetezo nimekizungushia zile kanga tatu.

Mwanzoni sikufukiza nyumba. Dada zangu walinisema, wakasema nyumba imekuwa kama ghala, lakini mkono ulikuwa hauendi. Kitanda cha juu nacho sikukitandua.

Halafu, likizo yao ya baridi, mkwe wangu akamleta mtoto anitazame. Basi mji mzima ukawa kwangu! Dada mmoja kapika pilau, mwengine kaleta halua, binamu za mama yake wamejaa ukumbini wanataka kumwona. Nami nikasema mjukuu wangu anaingia nyumba hii kwa mara ya kwanza, mgeni wangu huyu, haingii kwenye nyumba isiyonukia. Nikakitoa chetezo. Nikatia udi mzuri, ule wa mwisho niliokuwa nao, nikafukiza ukumbi, nikafukiza ngazi, nikafukiza na chumba cha juu.

Gari ikasimama. Akaingia, karefuka, meno mawili ya mbele hayapo. Akavua viatu, akavigeuza vikatazama mlango. Akanyanyua uso. Nilikuwa nimefungua mikono namsubiri, na ndipo nilipomwona amesimama, anavuta pumzi kwa pua.

Alinipita. Alipita watu wote, hakumsalimia mtu. Akafungua mlango wa chumba cha kwanza, akachungulia, akaufunga polepole kama alivyofunzwa kwao. Akafungua wa pili. Akafungua jiko. Dada yangu akacheka, akasema, "Huyo anatafuta choo, muonesheni choo." Mimi nilikuwa nimeshaelewa: kasikia udi, kajua mama yake yupo nyumbani. Nikamfuata anapanda ngazi, anafungua mlango mmoja baada ya mmoja, haraka haraka sasa, mpaka kile chumba chenye dirisha la mitende. Kitanda kimetandikwa. Mto mwembamba. Akasimama katikati.

"Bibi," akaniuliza, "mama katoka?"

Nikakaa juu ya shuka nilizozitandika mwenyewe, nikampakata, nikamwambia hayupo, mjukuu wangu. Nilikwenda kumchukua, sikurudi naye.

Hakubisha. Alinionesha kwa kidole moshi, ulivyokuwa unapanda ngazi kutufuata.